Tauni ya Siku Tatu

Kitabu cha Pili cha Samweli kinafikia ukingoni kwa kisa ambacho wahubiri wengi hukipita kimyakimya. Mfalme Daudi anaamuru watu wahesabiwe. Yoabu, jemadari wake, hataki, lakini neno la mfalme linashinda; anaizunguka nchi kwa miezi tisa na siku ishirini na kurudi na hesabu ya wanaume wa kushika upanga: 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Moyo wa Daudi unamchoma, anaungama kwamba ametenda dhambi, na nabii Gadi anamletea adhabu tatu achague moja: njaa ya miaka saba, kukimbizwa na adui kwa miezi mitatu, au tauni ya siku tatu. Tauni inakuja. Kutoka Dani mpaka Beer-sheba wanakufa watu 70,000. Aliyeamuru sensa anabaki hai. Na kabla ya hayo yote, mstari wa kwanza wa sura hiyo umekwisha kutuambia jambo gumu zaidi: ni Mungu mwenyewe, kwa hasira yake juu ya Israeli, aliyemchochea Daudi awahesabu watu hao.

Nakileta kisa hiki mbele kwa sababu hakina pa kujificha. Watu wa Sodoma tunaambiwa walikuwa waovu. Farao alikuwa dhalimu. Watu wa gharika waliijaza dunia jeuri. Lakini mkulima wa Beer-sheba aliyehesabiwa na askari wa Yoabu bila kuulizwa, kisha akafa kwa tauni kwa sababu alihesabiwa, alikosa nini? Swali la kama adhabu ya Mungu katika maandiko yaweza kuitwa njema, njema kwa maana ileile tunayomwita hakimu kuwa mwema au mzazi kuwa mwema, linapaswa kujibiwa kwenye kaburi la mtu huyo au lisijibiwe kabisa. Jibu langu ni kwamba yaweza, ila si kila mahali, na kwamba mizani ya kutenga wapi na wapi haikuazimwa kwa wasioamini. Imo ndani ya maandiko yenyewe, Biblia na Kurani pia, na waliothubutu kuishika mbele ya Mungu ni wale wale ambao maandiko yanawahesabu kuwa karibu naye zaidi.

Msibani kwetu husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Likiwa neno la kumpoza mfiwa, lina huruma yake, na sina ugomvi nalo. Likigeuzwa kuwa hoja, linadai kwamba chochote atendacho Mungu ni chema kwa kuwa ni yeye aliyekitenda, na hapo mazungumzo yamefungwa. Plato alikwisha kuliona tatizo hili karne nne kabla ya Kristo, alipomfanya Sokrate amuulize Euthyphro kama jambo takatifu linapendwa na miungu kwa sababu ni takatifu, au ni takatifu kwa sababu tu linapendwa nao. Tukichagua hilo la pili tunapata hasara kubwa kuliko tunavyodhani. Tukisema Mungu ni mwema, na papo hapo tukatae kwamba kuna lolote ambalo mwema hawezi kulitenda, hatujamsifu. Tumetoa taarifa tu kwamba ana nguvu. Mfalme yeyote katili angefurahi kusifiwa kwa sifa ya namna hiyo.

Wanazuoni wa Kiislamu walivutana juu ya swali hilo kwa ukali kuliko Wagiriki. Mu'tazila, ambao Kadhi Abduljabbar aliyefariki mwaka 1025 alikuwa miongoni mwa vinara wao, walishika kwamba akili ya binadamu inautambua udhalimu hata kabla ya kuletewa ufunuo, na kwamba Mungu hatendi udhalimu kamwe. Abul Hassan al-Ashari wa Basra, aliyekuwa mwanafunzi wao kabla ya kuwaacha, alishika kwamba chema ni kile alichokiamuru Mungu, na hakuna mizani iliyo juu yake. Husimuliwa kwamba alimnyamazisha mwalimu wake al-Jubbai kwa kisa cha ndugu watatu. Mmoja alikufa muumini, mwingine kafiri, wa tatu akafa angali mtoto. Mtoto akauliza kwa nini hakuachwa akue apate daraja ya ndugu yake mwema, akajibiwa kwamba Mungu alijua kuwa angekua angekufuru. Hapo yule kafiri akalia kutoka motoni: mbona mimi sikufishwa utotoni? Ni kisa kikali, na yeyote anayetaka kuzipima hukumu za Mungu lazima kimkwame kooni kwanza. Kinaonyesha kwamba hakuna mwanadamu awezaye kuandika daftari la sababu zote za Mungu, na kwa hilo al-Ashari alikuwa na haki. Lakini kingetuchoma vipi kisa hicho kama tusingekuwa tunajua tayari dhuluma ni nini? Kilio cha ndugu wa motoni kina nguvu kwa sababu kila anayekisikia anakitambua kuwa ni shitaka la haki. Anayekitumia kuvunja mizani ameupima uzito wake kwa mizani hiyohiyo.

Njia iliyo kinyume cha hiyo ni kuzitupa hadithi zote za adhabu kama masalia ya zama za ukatili. Ilijaribiwa mapema. Marcion wa Sinope alitengwa na kanisa la Roma mwaka 144 kwa kufundisha kwamba Mungu wa hukumu wa maandiko ya Kiyahudi si yule Baba aliyehubiriwa na Yesu. Kanisa lilimkatalia, na naona lilifanya vyema, kwa sababu ambayo haitajwi sana: ukimwondolea Mungu adhabu, wanaodhulumiwa wanabaki bila mtetezi. Nabii Amosi, mchungaji kutoka Tekoa, hakuitangaza hukumu kwa kuwa alipenda kuona moto. Aliitangaza kwa sababu maskini walikuwa wakiuzwa kwa bei ya jozi ya viatu, mizani za sokoni zilikuwa zimechezewa, na matajiri walilalia vitanda vya pembe za ndovu bila kuumwa na anguko la ndugu zao. Mungu ambaye angeyatazama hayo na kutabasamu asingekuwa mpole. Angekuwa mshirika wa walanguzi. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, anaposema kwamba malipo ni hapahapa duniani, hasemi kwa roho mbaya. Anasema kwamba ulimwengu huu haujaachwa mikononi mwa wenye mabavu. Katika adhabu ya Farao, mtumwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba maumivu yake yana uzito mahali fulani.

Abraham Lincoln alilielewa hilo, na hotuba yake ya tarehe 4 Machi 1865, alipoapishwa mara ya pili, ndiyo mfano bora ninaoujua wa kiongozi wa kisiasa kuzungumzia adhabu ya Mungu bila kuichafua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vinakaribia mwisho na upande wake ulikuwa unashinda. Angeweza kusema kwamba Mungu anawaadhibu watu wa Kusini. Badala yake alisema kwamba utumwa ulikuwa kosa la taifa zima, kwamba vita vimewashukia Kaskazini na Kusini kwa pamoja kwa sababu hiyo, na kwamba hata kama Mungu angeamua viendelee mpaka iteketee mali yote iliyolimbikizwa kwa jasho la watumwa la miaka 250 bila ujira, hukumu hizo zingebaki kuwa za haki. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba vita vile vilikuwa adhabu. Lakini tazama jinsi alivyosema: aliyejikuta upande wa washindi alijiweka mwenyewe kizimbani. Hoja yangu itarudi kwenye tofauti hiyo, kwa sababu wengi wanaoitaja adhabu ya Mungu hujiweka kwenye kiti cha hakimu.

Basi adhabu yaweza kuwa njema. Inakuwa njema lini? Maandiko hayakutuacha tukisie. Kumbukumbu la Torati linakataza baba auawe kwa kosa la mwana au mwana kwa kosa la baba, na Kitabu cha Pili cha Wafalme kinamtaja Amazia, mfalme wa Yuda, aliyewaua waliomuua baba yake lakini akawaacha watoto wao, kwa kuitii sheria hiyo. Yeremia na Ezekieli wanaikataa kwa nguvu methali iliyokuwa midomoni mwa watu wa zama zao, ile ya akina baba waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto kutiwa ganzi. Sura ya 18 ya Ezekieli inaichambua familia moja kizazi kwa kizazi, baba mwema, mwana mwovu, mjukuu mwema, na kumpa kila mmoja hukumu yake peke yake. Kisha inamalizia kwa Mungu kusema kwamba hana furaha katika kifo cha yeyote na kuwasihi watu wageuke wapate kuishi. Kurani inarudia mara tano kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwingine, na katika Sura ya 17 inaongeza jambo ambalo kwangu ni la uzito mkubwa: Mungu haadhibu mpaka awe amekwisha kutuma mtume. Ndiyo sababu visa vya Adi, Thamudi na watu wa Madiani vinafuata mwendo mmoja: anatumwa ndugu yao wa nasaba ileile, Hud, Salehe, Shuaibu, anasema nao kwa lugha yao, anawaonya, anawabembeleza, na wao wana nafasi ya kusikia. Na mlango hauko wazi kwa maneno tu. Watu wa Yunus waliamini, na adhabu ikaondolewa. Katika Biblia, Ninawi ilipewa siku arobaini, ikafunga na kuvaa magunia, na hukumu iliyokwisha kutangazwa ikafutwa. Mwenye kosa aadhibiwe kwa kosa lake, aonywe kabla, apimiwe kwa kiasi cha alilotenda, na aweze kurudi. Yote haya yamesemwa ndani ya vitabu vyenyewe, na yanasemwa kwa sauti ya Mungu.

Ugumu ni kwamba visa vingine ndani ya vitabu hivyohivyo havikai katika mizani hiyo. Wazaliwa wa kwanza wa Misri walikufa mpaka yule wa mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia, mwanamke ambaye naye alikuwa chini ya Farao. Mtoto wa Daudi na Bathsheba alikufa kwa zinaa na mauaji aliyoyafanya baba yake. Sauli aliamriwa kuwaua Waamaleki hata wanyonyao, kwa kosa la mababu waliokwisha kuoza karne kadhaa nyuma. Sisi tunao msemo kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na ndio msemo unaotumiwa kila mahali watu wanapotaka kuiadhibu jamaa nzima. Ezekieli asingeukubali. Wala si sisi wa leo tulioanza kushtuka. Gregori wa Nisa, askofu wa Kapadokia wa karne ya nne, alipofafanua maisha ya Musa aliuliza waziwazi haki iko wapi ikiwa Farao anakosa na mtoto mchanga ndiye anayelipa, akamtaja Ezekieli kuwa shahidi, na mwishoni akakataa kusoma habari hiyo kama mfano wa haki. Akaisoma kama fumbo la kuua uovu ungali mchanga. Marabi wa Talmudi walisimulia kwamba malaika walipotaka kuimba wakati jeshi la Farao likizama, Mungu aliwazuia: kazi ya mikono yake ilikuwa inazama baharini, nao waimbe? Hawa hawakuwa watu wenye imani legevu waliotaka kulegeza maandiko. Waliyajua kwa moyo, na kwa kuyajua hivyo walishindwa kuyasoma mauaji ya watoto kana kwamba ni jambo la kawaida.

Sasa turudi kwa wale watu 70,000. Watetezi wa kisa hicho hutoa majibu mawili. Wengine husema watu nao walikuwa na dhambi, kwani mstari wa kwanza unasema hasira iliwaka juu ya Israeli. Dhambi ipi? Mwandishi hasemi, na hukumu isiyotaja kosa inavunja kanuni ya onyo ambayo maandiko yenyewe yanaiheshimu kwingine. Wengine husema mfalme na watu wake ni mwili mmoja, na kichwa kikiugua viungo vyote vinaumwa. Kama maelezo ya jinsi maovu ya watawala yanavyowaangukia raia, ni kweli tupu, na tunaiona kila siku: rais anapoanzisha vita, watoto wa maskini ndio wanaozikwa. Lakini kueleza jinsi dhuluma inavyoenea si kuihalalisha. Na anayelisema hilo kwa uwazi kuliko sisi wote ni Daudi. Anapomwona malaika kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi, anamwambia Mungu kwamba mkosaji ni yeye, kwamba watu hawa ni kondoo wasiojua lolote, na anaomba mkono huo umgeukie yeye na nyumba ya baba yake. Mwandishi wa Samweli angeweza kuyafuta maneno hayo. Aliyaacha, na hakuandika popote kwamba Daudi alikemewa kwa kuyasema.

Kuna ushahidi mwingine ambao naona haujapewa uzito unaostahili. Karne kadhaa baadaye, baada ya uhamisho wa Babeli, mwandishi wa Mambo ya Nyakati alikisimulia kisa hiki upya. Alikuwa na kile cha Samweli mbele yake, au kilicho karibu sana nacho, kwa maana sehemu kubwa ya maelezo inafanana. Lakini mstari wa kwanza aliubadilisha. Aliyemchochea Daudi si Mungu tena, ni Shetani. Mtu anaweza kuzioanisha habari hizo mbili kwa kusema kwamba Mungu alimruhusu Shetani, na wengi wamefanya hivyo. Mimi naona jambo lililo rahisi na zito zaidi. Mcha Mungu aliyeandika ndani ya mapokeo hayohayo, kwa ajili ya Hekalu lililojengwa juu ya uwanja huohuo wa Arauna, alishindwa kuandika kwamba Mungu humsukuma mtu kutenda dhambi kisha akawaua wengine kwa sababu yake. Alimpima Mungu wa hadithi kwa kile alichomjua Mungu kuwa, na matokeo ya kipimo hicho yakaingizwa katika maandiko matakatifu. Kwa hiyo tunapouliza swali la maadili mbele ya tauni ile, hatusimami nje ya Biblia tukiihukumu. Biblia ilikwisha kujiuliza.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa Paulo na kitabu cha Ayubu: udongo hauna haki ya kumhoji mfinyanzi, na aliyekuwa hayupo misingi ya dunia ilipowekwa hawezi kumfundisha Mungu haki. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito wote, kwa sababu ujuzi wetu ni mdogo kweli, na kiburi cha kudhani tunaona kila kitu kimefanya madhara mengi. Lakini mtu asiishie kwenye sura ya 38 ya Ayubu, Mungu anaposema kutoka katika upepo wa kisulisuli. Asonge mpaka ya 42. Katika kitabu chote, Elifazi, Bildadi na Sofari ndio wanaotetea adhabu. Hoja yao ni safi: Mungu ni wa haki, Ayubu anateseka, basi Ayubu amekosa. Wanaisema kwa ufasaha, kwa uchaji, kwa kurudiarudia. Ayubu anakataa. Anaapa kwamba hana hatia inayolingana na hayo, anadai apelekwe mahakamani na Mungu mwenyewe, anatamka maneno ambayo leo yangemfanya atolewe kanisani au msikitini. Mwishoni Mungu anatoa uamuzi, na uamuzi huo ungemwangusha Elifazi kama ungekuwa jiwe: wale marafiki hawakunena yaliyo sawa juu ya Mungu kama alivyonena Ayubu mtumishi wake. Watoe sadaka, na Ayubu awaombee. Ayubu alinyamazishwa kuhusu siri za ulimwengu, sawa. Kuhusu kama mateso yake yalikuwa adhabu ya haki, yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na watetezi wa Mungu ndio walioomba msamaha.

Ukishaliona hilo, unaanza kuona jinsi waombezi walivyopangwa katika maandiko. Nuhu wa Biblia aliambiwa juu ya gharika akajenga safina bila neno, na marabi hawakuacha kumlinganisha na Ibrahimu, ambaye aliambiwa juu ya Sodoma akaanza kujadiliana na Mungu, kutoka watu hamsini wenye haki mpaka kumi, kwa hoja moja tu: mwenye kuhukumu dunia yote hawezi kumfanya mwema sawa na mwovu. Musa, baada ya ndama wa dhahabu, alikataa ahadi ya kufanywa taifa kubwa yeye peke yake na akaomba afutwe kitabuni kama watu hawatasamehewa. Kurani nayo, katika Sura ya Hud, inasimulia kwamba Ibrahimu aliwatetea watu wa Luti kwa kujadiliana. Haki inanitaka niseme pia kwamba Ibrahimu huyo aliambiwa aachane na jambo hilo, kwa kuwa amri ilikwisha kutoka. Uombezi wake haukuizuia. Lakini katikati ya mabishano hayo, aya inamsifu kuwa mpole, mwenye huruma, mwenye kurejea kwa Mungu. Alizuiwa bila kukemewa. Mungu aliyetaka kutiiwa tu angemsifu Nuhu kwa kunyamaza kwake na kumkaripia Ibrahimu kwa ubishi, na hakuna kitabu kati ya hivyo viwili kinachofanya hivyo.

Yabaki Jehanamu, ambayo ni nzito kuliko tauni zote, kwa kuwa haina siku ya nne. Makosa ya binadamu yana mwanzo na mwisho. Adhabu isiyokoma yakaaje kwenye mizani ya kiasi? Wapo waliojibu kwamba kumkosea Asiye na kikomo ni kosa lisilo na kikomo. Jibu hilo halinitoshi, maana linapima kosa kwa cheo cha aliyekosewa, na ndivyo wanavyopima wafalme. Nafarijika kwamba hata hapa mapokeo hayana sauti moja. Gregori wa Nisa alitumaini kwamba moto ule ni wa kusafisha na kwamba mwisho wake upo. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, watu ambao hakuna atakayewatuhumu kwa ulegevu wa dini, wanahusishwa na hoja kwamba rehema ya Mungu itaushinda Moto hata uzimike. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba wale ambao habari za Mtume hazikuwafikia kabisa, au ziliwafikia zikiwa zimepotoshwa, wana udhuru. Walio wengi katika dini zote mbili hawakuwafuata Gregori na Ibn al-Qayyim. Hata hivyo, kila mmoja wa wanne hao alisukumwa na kitu kilekile: kuamini kwamba haki ya Mungu haiwezi kuwa ndogo kuliko ile aliyowafundisha wanadamu.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya wanateolojia kama isingekuwa kwamba watu wanaishi na kufa chini ya maneno hayo. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda ilikuwa imeanza kuzika vijana wake mwaka mmoja kabla. Katika miaka iliyofuata, mimbari nyingi, za makanisa na za misikiti, zilitangaza kwamba ni ghadhabu ya Mungu juu ya uasherati. Pima tangazo hilo. Mwenye kosa aadhibiwe kwa kosa lake: wake waaminifu walipata virusi kutoka kwa waume zao, na watoto walivipata tumboni na kwenye maziwa ya mama. Aonywe kabla: mgonjwa wa kwanza hakujua hata jina la kinachomuua. Apimiwe kwa kiasi: kifo cha polepole na watoto kuachwa yatima. Tangazo lile lilishindwa kwa kila kipimo, na lilifanya kazi ambayo hukumu za manabii hazikufanya kamwe, yaani liliwafanya wagonjwa wajifiche, wafe bila kupimwa, na kuzikwa kwa aibu. Amosi alisema, kama kitabu chake kinavyoandika, miaka miwili kabla ya tetemeko la ardhi. Nathani alimwendea Daudi uso kwa uso. Yona aliingia Ninawi siku ya kwanza kati ya arobaini. Nabii husema mapema, husema kwa mwenye nguvu, na anayesemwa huwa bado anaweza kugeuka. Anayesubiri msiba utokee, kisha akasimama juu ya makaburi kueleza Mungu alikusudia nini, hana tena wa kumwonya. Anawalaumu wafu, na anakaa kwenye kile kiti ambacho Lincoln alikataa kukikalia.

Yesu alilizungumzia jambo hilihili. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka Yerusalemu na kuua watu kumi na wanane. Katika sura ya 13 ya Luka anakana kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa mji, na papo hapo anawageuzia wasikilizaji wake wito wa toba: wao, walio hai, kuhusu maisha yao. Kisha anawapa mfano ambao mara nyingi husomwa bila kuunganishwa na mnara ule, ingawa ndio unaofuata moja kwa moja. Mtini umekaa miaka mitatu bila kuzaa, mwenye shamba anataka ukatwe, na mtunzaji anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi. Ombi lake lina sharti alilojiwekea mwenyewe: atalima kuuzunguka na kuutia mbolea. Hakudai kwamba mtini hauna kosa, wala hakumwambia mwenye shamba kuwa hana haki ya kuukata. Aliomba muda, akashika jembe. Kagera na Rakai walikuwapo watu wa namna hiyo wakati mimbari zikiunguruma: bibi waliowalea wajukuu kwa mihogo na maharage ya shamba moja, wauguzi waliowaosha wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa, mapadri na masheikh waliokubali kuzika bila kuuliza marehemu aliugua nini. Hao ndio ninaowaamini wanapoitaja haki ya Mungu.